Mshauri wa usalama wa ndege: alitumika wapi mbele ya kufika kwetu?

Kila mara uwanja wa ndege unapotajwa huku kwetu mashariki, iwe ni kuufungua, kuutengeneza ao kuupanua, kuna mtu mmoja ambaye lazima atatajwa: mtaalamu, mshauri wa usalama wa anga. Anafika na kompyuta yake, anatembea siku mbili ao tatu kwenye uwanja pamoja na wakubwa, anapigwa picha, anarudi kwao. Kisha tunaambiwa ripoti imeandikwa. Ni mara chache mtu anauliza: bwana huyu alitumika wapi mbele? Alisomea nini? Nani alimpima yeye mwenyewe?

Swali hili si la kutafuta makosa. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipochukuliwa na AFC/M23, uwanja wa Goma umekosa safari za kawaida za abiria. Kavumu nao ulifuata mwezi wa Februari. Wakaaji wa Goma na Bukavu wanaotaka kwenda Kinshasa wanazunguka, wengine kwa Kigali, wengine kwa Entebbe, na bei ya safari kila mtu anaijua mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 2025, kule Paris, rais Emmanuel Macron alizungumza juu ya kufungua tena Goma kwa ndege za misaada. Siku viwanja hivi vitakapoanza kutumika vizuri, iwe karibu ao mbali, washauri watakuja wengi. Ni vizuri tujue mapema aina za watu hao.

Kwanza kuna neno linalotuchanganya. Kwa Kiswahili tunasema usalama, basi. Lakini Kifaransa cha viwanja vya ndege kina maneno mawili. "Sécurité" ni mambo ya mashini, piloti, njia ya kutulia, hali ya hewa: ndege isianguke kwa bahati mbaya. "Sûreté" ni kuzuia mtu mwenye nia mbaya: bomu, silaha, kuteka ndege, kuingia kwa siri ndani ya uwanja. Mshauri tunayemsemea hapa ni wa "sûreté". Hapimi injini.

Hii ina maana kwetu. Wakati Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya makampuni yaliyokatazwa kuruka kwake, mwezi wa Machi 2006, karibu makampuni yote ya Kongo yaliwekwa ndani. Sababu zilikuwa za "sécurité": ndege na namna ya kuzisimamia. Kwa hiyo mtu akija kusema kwamba mashini zake mpya za kupima mizigo zitatutoa kwenye orodha ile, ujue anachanganya mambo, ao anataka wewe ndiye uchanganyikiwe.

Jambo la pili: piloti hawezi kuruka bila leseni. Mtu anayeongoza ndege kutoka kwenye mnara naye anahitaji leseni, na fundi wa ndege vilevile. Sheria zao ziko katika Annexe 1 ya Mkataba wa Chicago, ule uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944. Mambo ya "sûreté" yalikuja nyuma, katika Annexe 17, iliyokubaliwa mwaka 1974, baada ya miaka ambayo ndege zilitekwa karibu kama mabasi. Annexe 17 inasema kwamba ajenti anayepima mizigo lazima afundishwe na apewe cheti. Lakini mshauri? Hakuna leseni ya dunia nzima inayoitwa leseni ya mshauri. Leo naweza kuchapisha kadi yenye jina langu na kuandika chini yake "mtaalamu wa kimataifa". Hakuna polisi atakayenikamata. Ndiyo maana historia ya kazi yake ndiyo karatasi pekee tunayoweza kuisoma.

Sasa hawa watu wanatoka wapi? Wengi wanatoka katika jeshi, polisi ao huduma za upelelezi. Wengine walitumika na kampuni ya ndege kwenye biro ya kupokea abiria, wakapanda pole pole. Wengine walikuwa upande wa serikali, wakikagua viwanja. Kila njia inamfundisha mtu kuona jambo moja na kutoona lingine. Askari anaona ukuta, bunduki na mtu anayeruka fensi. Yule wa kampuni ya ndege anajua kwamba ndege ikichelewa saa moja, mkubwa wake anapiga simu kwa hasira, na kwa sababu ya haraka ile valizi mbili zinapita bila kuangaliwa. Mimi binafsi huyu wa pili ananipa imani zaidi, juu hatari nyingi ziko katika haraka.

Shule inayosifiwa zaidi duniani ni ya Israeli. Mwaka 1968 ndege ya kampuni El Al, ikitoka Roma, ilitekwa na kupelekwa Algiers. Tangu siku ile El Al ilijenga mtindo wake: kuzungumza na kila abiria, kumuuliza nani alifunga valizi, nani alimpa zawadi, anakwenda kwa nani. Tarehe 17 Aprili 1986 pale Heathrow, London, mwanamke mmoja mwenye mimba alifika na begi alilopewa na mchumba wake. Begi lilikuwa limekwisha kupita kwenye mashini ya uwanja na mashini haikuona kitu. Ajenti wa El Al walimuuliza maswali, wakaona majibu hayalingani na safari, wakafungua begi. Ndani kulikuwa zaidi ya kilo moja ya baruti. Mwanamke mwenyewe hakujua chochote. Ndege ilikuwa na watu zaidi ya 300. Mchumba wake, Nezar Hindawi, alihukumiwa miaka 45 ya gereza.

Katika shule ile alitoka Isaac Yeffet, aliyekuwa mkuu wa usalama wa El Al kisha akawa mshauri huko Marekani. Mwaka 1986 kampuni kubwa ya Marekani, Pan Am, ililipa kundi lake lichunguze hali yake. Walitembelea viwanja mbalimbali, wakaandika ripoti nzito. Walisema Pan Am iko wazi kabisa kwa bomu linalofichwa katika mizigo, na kwamba kama balaa halijatokea ni kwa neema ya Mungu tu. Ripoti ilipokelewa. Mambo makubwa iliyoomba hayakufanywa.

Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya Lockerbie, Scotland. Watu 259 ndani ya ndege na 11 chini walikufa. Kufuatana na mahakama, bomu lilikuwa ndani ya redio, redio ndani ya valizi, na valizi ilisafiri bila mwenyewe: ilitoka Malta, ikapita Frankfurt, ikaingia London. Kule Frankfurt walikuwa wanaipitisha mizigo ya namna ile kwenye mashini tu, badala ya kuhakikisha kwamba kila valizi ina mtu wake aliyepanda. Mwaka 1992 baraza la raia katika mahakama ya Marekani liliona kwamba kampuni ilifanya uzembe wa makusudi. Wakati huo Pan Am ilikuwa imekwisha kufa, tangu Desemba 1991.

Hapa ndipo ninaona jambo ambalo watu wengi wanaliruka. Historia nzuri ya mshauri haisaidii kitu kama anayemlipa anataka karatasi tu ya kuonyesha. Na mshauri anajua hilo. Anayetaka kuitwa tena mwaka ujao anaweza kupunguza maneno yake. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza alitumika wapi, ni lazima kuuliza pia: ripoti zake za zamani zilisema nini, na je, aliwahi kumwambia aliyemlipa maneno ya uchungu?

Msomaji asifikiri kwamba haya ni mambo ya wazungu. Tarehe 19 Septemba 1989 ndege ya kampuni ya Kifaransa UTA ilitoka Brazzaville, ikapita N'Djamena, ikielekea Paris. Ililipuka juu ya jangwa la Niger. Watu 170 walikufa, hakuna aliyepona. Bomu lilikuwa ndani ya valizi iliyopakiwa Brazzaville, pale ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliwahukumu Walibya sita bila wao kuwepo. Yaani valizi moja, katika uwanja wa Afrika ya kati, kwa ugomvi wa inchi nyingine kabisa.

Na sisi tuna desturi yetu, kila mtu anaijua. Ukifika kwenye uwanja, mtu asiyekujua anakusogelea: "Mama, nisaidie kupeleka hii bahasha Kinshasa, ndugu yangu atakungojea." Ao koli ndogo, ao dumu la mafuta ya mawese. Kukataa ni kama kukosa utu. Mshauri aliyesomea kwenye viwanja vya Ulaya ataandika katika ripoti: kukataza. Atakwenda zake, na kesho yake bahasha zitaendelea kusafiri, kwa sababu watu hawana posta na hawana njia nyingine ya kupeleka dawa kwa mgonjwa. Mtu aliyetumika miaka 10 kwenye biro ya kupokea mizigo Bunia ao Kisangani angeandika tofauti: wekeni mahali pa kupokea koli, zifunguliwe mbele ya mwenyewe, ziandikwe jina na simu, mtu alipe kidogo. Si akili zaidi, ni kwamba anamjua yule mama.

Mfano wa Bandundu unaonyesha vizuri. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ya kampuni Filair ilianguka ikikaribia kutua kule Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja tu alipona. Kufuatana na ushuhuda wake, abiria mmoja alikuwa ameficha mamba mzima ndani ya begi. Mamba alitoka, watu wakakimbilia mbele wote kwa mara moja, ndege ikapoteza usawa. Wengine walicheka habari hii kwenye magazeti ya nje. Lakini angalia: mtu mmoja mlangoni, mwenye mikono miwili na ruhusa ya kufungua begi, angetosha. Hapakuhitajika mashini ya maelfu ya dola.

Juu ya mashini, kuna hadithi ambayo kila anayetia sahihi ya kununua vyombo angepaswa kuijua. James McCormick, Mwingereza aliyewahi kuwa polisi, aliuza chombo kilichoitwa ADE 651. Alisema kinanusa mabomu kwa mbali. Kilikuwa na mkono wa plastiki na antena inayozunguka, bila betri, bila kitu cha maana ndani. Mwanzo wake ulikuwa kichezeo cha kutafuta mipira ya gofu iliyopotea. Serikali ya Irak ilivinunua vingi, vingine kwa makumi ya maelfu ya dola kimoja, na askari wakavitumia kwenye barabara za Baghdad wakati magari ya mabomu yanapita. Watu walikufa. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimpa McCormick miaka 10 ya gereza. Angalia historia yake: alikuwa polisi kweli. Hakusema uongo juu ya hilo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia: weka chombo chako mezani, ficha baruti katika sanduku moja kati ya sanduku 10, tutakupa muda utafute.

Kwa hiyo mshauri anayeuza pia mashini, ao anayelipwa na kampuni ya mashini, anapaswa kuulizwa mara mbili.

Kuna hatari nyingine, na hii ni nyeti zaidi kwetu. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, uwanja wa Boston, ambako ndege mbili kati ya nne zilizotekwa zilitokea, ulimwita Rafi Ron, aliyekuwa mkuu wa usalama wa uwanja wa Tel Aviv. Alifundisha polisi kuangalia mwenendo wa watu. Baadaye serikali ya Marekani ilifanya programu yake ya namna hiyo katika viwanja vingi. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali yenyewe walisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba programu ile inatambua watu wabaya.

Sasa chukua mtindo huo, uulete hapa mashariki, uupe ajenti aliyefundishwa siku tatu. "Angalia mwenye wasiwasi." Nani hana wasiwasi mbele ya watu wenye bunduki katika jimbo hili? Mtu aliyekimbia vita mara nne ana wasiwasi. Pole pole "mwenendo" utageuka kuwa sura, jina, pua, lugha anayoizungumza na mtoto wake. Tunajua mahali mambo hayo yanafika. Mshauri ambaye hajui historia ya Kivu na Ituri anaweza kuleta fitina kwa nia njema kabisa, na ripoti yake haitaonyesha chochote.

Annexe 17 inazungumza pia juu ya jambo lingine: kuchunguza maisha ya nyuma ya wanaotumika ndani ya uwanja. Siyo mshauri tu, hata mfagiaji mwenye karte ya kuingia. Sababu iko Mogadishu. Tarehe 2 Februari 2016 bomu lililipuka ndani ya ndege ya Daallo Airlines dakika chache baada ya kuruka. Lilitoboa ubavu wa ndege, aliyelibeba akatupwa nje, lakini piloti alirudi na kutua na abiria wengine wakaokoka. Kamera za uwanja zilionyesha kompyuta yenye bomu ikipewa abiria huyo na watu wanaotumika pale pale, nyuma ya vizuizi vyote. Mahakama ya jeshi iliwahukumu watu kadhaa, na mmoja aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa amewahi kuwa afisa wa usalama katika uwanja ule.

Ajenti asiyelipwa miezi mingi hahitaji kuwa mtu mbaya ili apokee dola 20 na kuangalia upande mwingine. Ripoti ya mshauri isiyosema neno juu ya mishahara, mimi naiona kama nyumba isiyo na mlango.

Na vita? Tarehe 10 Oktoba 1998 Boeing 727 ya Congo Airlines ilipigwa roketi karibu na Kindu, ikafa na watu wake 41. Waasi walikiri wenyewe. Mashini ya kupima mizigo isingefanya kitu hapo. Kwa viwanja kama vyetu mshauri anapaswa kujua pia kuangalia nje ya fensi: kilima kipi kinatazama njia ya kutua, nani anakaa pale, droni inaweza kutoka wapi. Hapa kweli aliyepita jeshini ana faida.

Vijana wanaotuandikia mara kwa mara wanauliza kama mtoto wa huku anaweza kufanya kazi hiyo. Anaweza, ila njia ni ndefu. Unaanza kama ajenti wa "sûreté" kwenye uwanja ao katika kampuni. Unapata cheti cha kupima mizigo, na cheti chenyewe kina muda wake, unapimwa tena. Kisha unakuwa msimamizi, kisha mwalimu. OACI, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya anga, lina vituo vya mafunzo Afrika, kama Dakar na Nairobi. Lina pia mafunzo ya viongozi wa "sûreté" pamoja na chuo kikuu cha Concordia cha Montréal. Anayefika mbali zaidi anaweza kuwa mkaguzi wa taifa, na hata kutumwa na OACI kukagua inchi nyingine, kwa sababu tangu 2002 OACI inakagua inchi zote wanachama kwa zamu. Mtu mwenye historia ya namna hii, ambaye amekagua na amekaguliwa, ndiye ninayeweza kumwita mshauri bila kuweka alama za mtajo.

Kiingereza ao Kifaransa kizuri havitoshi. Kumlinda mkubwa fulani pia hakutoshi: kulinda mtu mmoja na kulinda milango 40 ni kazi mbili.

Linabaki swali la sahihi. Mkataba wa Chicago unaweka mzigo wa usalama juu ya serikali, siyo juu ya mshauri. Hapa Kongo, sheria ya usafiri wa anga ni ile namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Autorité de l'aviation civile ndiyo inayosimamia sheria na kukagua, na RVA ndiyo inayoendesha viwanja. Mshauri, hata awe bingwa wa dunia, anashauri tu. Hawezi kusema uwanja umefunguliwa. Kampuni ya ndege na kampuni ya bima yake zinataka kuona sahihi ya serikali inayotambuliwa, vinginevyo ndege hairuki. Kwa Goma na Kavumu hili ndilo fundo lenyewe: nani atakagua, akitumwa na nani, ataingia kupitia njia gani, na ajenti watakaopima valizi watalipwa na biro ipi. Maswali haya yako mezani kwa wanasiasa, na mtaalamu hawezi kuyajibu kwa niaba yao.

Lakini siku atakapofika, mashirika ya raia, vyama vya abiria na sisi wa redio tuna haki ya kuomba karatasi mbili: historia ya kazi yake, yenye miaka na majina ya viwanja, na mkataba unaoonyesha anayemlipa. Kama zote mbili ni siri, siri hiyo nayo ni habari, na tutaitangaza.